Neno la Siri la Bwana Maulid

SABRA: Haloo? Nani mwenzangu?

TUHFA: Mwenzio hasa, dada. Tuhfa, wa Makorora. Shikamoo.

SABRA: Marahaba. Kuna msiba?

TUHFA: Hapana, wazima sote. Napiga kwa simu ya mkononi. Ile ya mezani nimeichomeka kwenye kompyuta.

SABRA: Kompyuta.

TUHFA: Bwana kaileta jana, kabla hajakwenda Maramba kwenye pilipili manga. Mpya, dada, kioo hicho—

SABRA: Nimesikia. Huku Ngamiani habari ilifika boksi halijafunguliwa.

TUHFA: Ndiyo kanambia nikupigie. Barua pepe za biashara zihamie huku. Anwani ile ile, ila zifunguke kwangu. Kasema yote unayo kichwani.

SABRA: Kasema hivyo?

TUHFA: Na kasema umeomba mwenyewe. Macho yanakusumbua, ungependa upumzike.

SABRA: [Kimya]

TUHFA: Dada? Unanisikia? Mtandao huu—

SABRA: Nipo. Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano, bibi. Mimi kanambia wewe ndiye hulali wala hupiki mpaka upate kompyuta.

TUHFA: Mimi? Mimi niliomba friji.

SABRA: Friji?

TUHFA: Friji, nigandishe barafu za ukwaju niuze. Kompyuta nilisomea miezi michache kabla ya kuolewa, hata nilishaisahau.

SABRA: Lakini umeipokea.

TUHFA: Ningeirudisha wapi?

SABRA: [Anacheka kidogo] Haya. Mimi nilipopunguzwa kule ofisi ya mkonge nilitoka na vidole vyangu vya kupiga taipu tu. Maulid alikuwa anapima iliki kwa kikombe pale sokoni. Ilipokuja ruhusa ya kila mtu kuuza nje, barua ya kwanza ya Dubai niliandika mimi. Yule Mwarabu mpaka leo akiandika huanza na salamu kwa Madamu Sabra. Sasa atamsalimia nani?

TUHFA: Atakusalimia wewe. Nitakuletea salamu.

SABRA: Utaniletea.

TUHFA: Dada, na mimi nina moyo. Akija kwangu zamu yangu, anakaa kitandani anaisifu barua yako. Sabra kaandika hivi, Sabra kamjibu mzungu vile. Mimi nimejipamba, nimefukiza udi, nasikilizishwa bei ya karafuu.

SABRA: Hilo sikulijua.

TUHFA: Basi lijue.

SABRA: Haya, vocha yako inakwenda. Umefungua pale pa kuweka akaunti?

TUHFA: Nimefungua. Jina nimeandika Maulid Viungo. Anwani nimeweka. Sasa inataka sava ya kupokea, ile mashine ya kampuni inayotunza barua.

SABRA: Andika pop, nukta, halafu jina la kampuni ya intaneti kama lilivyo kwenye anwani. Ya kutuma ni hivyo hivyo, ila badala ya pop weka mail.

TUHFA: Pole pole, kuna mkwar— [mkwaruzo] —mail. Nimeweka. Na huku chini kuna kisanduku. Kinauliza kama nakala za barua zibaki kwenye sava.

SABRA: Hicho kiache.

TUHFA: Nisitie alama?

SABRA: Nimesema kiache.

TUHFA: Nimekiacha. Limebaki neno la siri. Bwana kasema unalijua wewe.

SABRA: Hakulitaja?

TUHFA: Alicheka tu. Akasema muulize Sabra.

SABRA: Muulize Sabra.

TUHFA: Dada, vocha.

SABRA: Huwezi kungoja aje akuandikie mwenyewe?

TUHFA: Kasema akirudi akute zimeingia. Kuna mzigo unasubiri jibu.

SABRA: Basi andika. Kungumanga. Yote pamoja, herufi ndogo.

TUHFA: Nini?

SABRA: Kungumanga. K, U, N, G, U, kisha manga. Huijui? Ya kutia kwenye pilau.

TUHFA: Naijua.

SABRA: Usije ukaenda kulisema huko visimani. Ni jina la nyumbani. Siku tulipofungua ile akaunti aliliweka yeye, mimi nikaona haya mbele ya fundi. Ndivyo anavyoniita tangu harusi. Anasema mimi ni kama kungumanga, ukiikuna kidogo tu—

TUHFA: —chungu kizima kinanukia.

[Kwa mbali modemu inalia.]

SABRA: Umelijuaje hilo?

TUHFA: Imekubali, dada. Barua zinaingia. Moja. Ya pili hiyo.

SABRA: Tuhfa. Nimekuuliza.

TUHFA: Usiku wa harusi. Alinambia hajapata kumwita mtu mwingine hivyo. Nikaona nimeolewa na mshairi.

SABRA: Mshairi.

TUHFA: Nilijua barua ni zako. Nikajisemea, hewala, hizo awe nazo Sabra. Lile jina ni langu.

SABRA: Na mimi nilisema hivyo hivyo. Kompyuta na achukue. Hata zamu zikipinda, na achukue. Kuna kitu kimoja hana.

TUHFA: Ndiyo maana alicheka, bwana yule. Hakufikiri tutafika hapa?

SABRA: Hakufikiri. Amezoea tukikutana kwenye shughuli tunapeana mkono na kuangalia pembeni. Anatuma maneno huku na huku, anajua hatuulizani.

TUHFA: [Anashusha pumzi] Dada, pikapu hiyo nje. Kashafika.

SABRA: Leo zamu yangu.

TUHFA: Najua. Kasema anapita kuiona kompyuta tu.

SABRA: Ataiona. Sikiliza, haraka. Kile kisanduku cha nakala, kitie alama.

TUHFA: Si umesema nikiache?

SABRA: Nilikuwa na nia mbaya. Bila alama, anayetangulia kuzivuta hamwachii mwenzake kitu. Kompyuta yangu ya zamani haina alama, na mimi huifungua nikimaliza tu sala ya alfajiri. Ningezivuta barua zote hujaamka. Wewe ungebaki na kioo kitupu, bwana angesema huwezi, kazi ingerudi kwangu.

TUHFA: Subhanallah.

SABRA: Ndiyo hivyo. Tia alama, nami natia huku. Kila barua itufikie wote wawili. Yeyote akimwandikia, tusome sote.

TUHFA: Nimetia. Hizi mbili zilizotangulia hutazipata, nitakutumia. Moja ni ya Mwarabu wako.

SABRA: Inasemaje?

TUHFA: Madamu Sabra, salamu.

SABRA: Ahsante.

TUHFA: Anagonga, dada. Anaita. Kwa jina lile lile.

SABRA: Usiitike.

TUHFA: Nifungue mlango nimtazame tu?

SABRA: Fungua, mpe maji, muoneshe kioo chake. Kwa jina hilo usiitike. Jioni akija huku, nami sitaitika. Tuone atatuita nani.

TUHFA: Na akiuliza kwa nini— dada, inanambia dakika zime—

SABRA: Mwambie macho yananisumbua. Tuhfa? Haloo? Tuhfa, umeitika?