Namba ya Injini ya Delbert

Benchi letu liko mbele ya duka la donati, Barabara ya Woodward, hapa Ferndale, Michigan. Tunaokaa hapo ni wanne, wote wastaafu wa viwanda vya magari. Jumamosi moja ya Agosti 2024, Delbert Kowalczyk, ambaye kwa sauti yake tunamwita Silinda Nane, alikuja na gari lake jekundu la mwaka 1969, na fomu ya maonyesho mkononi. Magari kama hayo, ya zamani na yenye injini kubwa, hushindania utepe wa buluu, lakini sharti injini iwe ile ile iliyotoka na gari kiwandani. Delbert ameutamani utepe huo miaka kumi na moja. Fomu ilitakiwa saa nne asubuhi. Kiwandani, namba ya injini hugongwa ilingane na ya bodi; ya bodi iliishia 4318. Ya injini, 4371.

— Hebu soma tena, Kabureta.

Kabureta ni Orville Tibbs. Hukohoa kwanza ndipo awake.

— Ni 4371, hata nikivua miwani.

— Basi aliyeigonga aliishika juu chini.

— Nane ukiipindua ni nane, ndugu yangu. Hiyo saba imetoka wapi?

— Sasa wewe unasemaje?

Tibbs akakohoa.

— Pacha! Injini zilikuwa mbili. Kulwa kakwama kwenye foleni, bodi ikachoka kungoja, ikamchukua Doto. Damu moja!

— Nijaze “damu moja” kwenye fomu? Mzee mzima huoni haya!

Reino Lahti, aliyeyeyusha chuma miaka thelathini, alimeza donati yake taratibu.

— Chuma kikipata moto kinafanyaje?

— Kinatanuka.

— Na namba iliyogongwa kwenye chuma?

— Wacha wee!

— Toa 4318 kwenye 4371.

Hesabu niliifanya mimi, nyuma ya risiti: hamsini na tatu.

— Gari ulinunua lini, Delbert?

— Sabini na moja.

— Miaka hamsini na tatu. Kila mwaka namba moja! Inakua na wewe, bwana.

Nakiri kwamba niliirudia ile hesabu mara mbili.

— Nilijua mimi! — Delbert alinguruma, akatia alama kwenye Ndiyo, penye swali la injini ya asili. — Injini hii haijatoka humu hata siku moja!

Mkewe, Wanda, alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake.

— Hamjambo, wazee? Delbert, mashine mpya ya kufulia inaletwa saa sita. Nataka nafasi kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya nyumba.

— Haya, mama.

— Ila nimekusikia. Kama injini haijatoka humo, lile dude lililofunikwa shuka langu kule chini tangu ulipovunjika mguu ni la nani?

— Lile la akiba. Kaka Casimir alisema ni la akiba.

— Kaka yako huyo ndiye aliyekuwa na funguo za gari mwezi ule mzima, wewe ukiwa kitandani.

Lahti akauliza, kwa sauti ndogo:

— Shemeji, lina namba?

— Lina. Naiona kila nikifua. Mwishoni ni kumi na nane.

Delbert aliivuta tena fomu. Akaikata Ndiyo kwa mstari mmoja ulionyooka. Hapana hakuigusa. Pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika: BADO.