Laptopu Sita na Sidii Moja

Kijiwe cha Kuusiranta, kijiji cha Ufini, ni benchi moja tu mbele ya duka lililofungwa, na kila Jumatano hukaa watu watatu wale wale, theluji ianguke au iyeyuke. Helvi, ambaye kwa kusoma kwake wamembatiza Mama Vitabu, huleta chupa ya kahawa na maandazi ya iliki. Reino ni Profesa, kwa sababu miaka arobaini alitengeneza mashine za kupasulia mbao. Pentti ni Waziri, kwa kipindi kimoja alichokaa kwenye baraza la halmashauri enzi hizo, nacho hakijamtoka mwilini. Jumatano hiyo ya Aprili wote watatu walikuwa wamefura. Halmashauri ilitaka kulifuta basi la maktaba linaloazimisha vitabu vijijini, lile la bluu lililoegeshwa hatua ishirini kutoka benchini, na pingamizi zilipokewa kwa mtandao tu, mwisho saa kumi jioni, leo hii. Ili wazee wasiseme wameonewa, walikuwa wameletewa laptopu sita kuukuu, zimefutwa kila kitu, pamoja na bahasha yenye sidii ya kuwekea mfumo mpya wa kuziendesha. Laptopu zenyewe hazina pa kuingizia sidii.

— Nimezipindua zote sita, alisema Profesa. Kushoto tundu la chaja. Kulia tundu la spika za masikioni. La sidii, hola!

— Umeangalia chini? aliuliza Helvi.

— Chini, juu, ubavuni. Labda tuilambe.

— Hilo si kosa, Waziri alidakia. Huo ni mpango! Nimekaa na hao watu, nawajua. Wanakupa kufuli, ufunguo wanautupa ziwani, halafu wanaandika kwenye ripoti: wazee wamepewa kufuli.

— Na kesho watasema Kuusiranta hakuna aliyepinga, alisema Helvi.

— Si ndiyo! Kimya kina mshindo mkuu.

— Waziri, hiyo methali haina maana hiyo.

— Leo inayo!

Helvi alimimina kahawa kwa hasira. Tangu mumewe Oiva afariki, gari pekee linalosimama kwa ajili yake ni lile basi. Likifutwa, maktaba ya karibu iko kilomita hamsini na tano, naye hana leseni. Tena hakukaa bure kusubiri kudra. Bintiye aliye mjini alimtumia flashi yenye faili la mfumo ndani. Akaichomeka kwenye laptopu moja, akawasha, akakaa mbele yake robo saa nzima. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe: hakuna cha kuwashia.

— Faili nililiona kwa macho yangu, alisema. Limo ndani! Sasa inakataa nini?

— Inakataa kwa sababu ni ya mjini, alisema Profesa. Ilizoea ofisi yenye joto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani, Profesa?

— La laptopu. Mimi nasema niletee msumeno mwembamba. Napasua ubavuni, nusu sentimita tu, sidii inaingia yenyewe. Penye nia pana njia.

— Upasue mali ya halmashauri!

— Wao wamepasua nini? Si roho zetu?

— Sikilizeni, Waziri alishusha sauti. Kuna mtu ana ghala la sidii. Limejaa mpaka darini, hakuna anayezinunua. Kila kijiji kitagawiwa. Mwaka kesho watatuletea kaseti.

— Mwaka keshokutwa, njiwa wa kubeba barua, alisema Profesa.

— Na nyuma ya yote hayo, Waziri alimalizia, wapo Waswidi.

Hapo hakuna aliyebisha, maana Waswidi hawakosekani.

Mlango wa basi ukafunguka. Tuija, dereva na mkutubi wake, akashuka na kikombe mkononi. Wote watatu wakabadili mada papo hapo. Walikuwa wamekubaliana toka mwanzo: mtu akiwa kazini hasumbuliwi, na mtu anayekaribia kunyang'anywa kazi hasumbuliwi mara mbili.

— Theluji inaisha, alisema Profesa.

— Inaisha, alisema Waziri.

— Kahawa yangu imekwisha, alisema Tuija. Mama Vitabu, una tone?

Helvi akamkamulia tone la mwisho. Akiinua chupa, bahasha ikateleza mapajani, sidii ikachomoka, ikabiringika hadi kwenye kiatu cha Tuija. Akaiokota, akasoma maandishi yake, akaiona na ile laptopu iliyokuwa benchini.

— Mnaweka mfumo?

— Tulitaka kupeleka pingamizi, alisema Helvi, uso ukimwaka kwa aibu. Kwa ajili ya basi. Lakini laptopu hazina tundu, na flashi nimeweka faili, imegoma.

— Umelinakili tu, kama mtu anavyonakili picha? Halikubali hivyo. Kuna programu ya kuliandika kwenye flashi, ndipo iweze kuwasha mashine. Halafu unaiambia laptopu ianzie kwenye flashi. Kazi ya saa mbili.

— Saa mbili hatuna. Mwisho saa kumi.

Tuija aliigeuza sidii mkononi.

— Leo asubuhi nilipiga simu ofisini, alisema. Wakaniambia Kuusiranta pingamizi ni sifuri. Njia nzima nimekuja nikijiambia, basi, wamenichoka.

— Kukuchoka! Helvi alipaza sauti mpaka Profesa akashtuka. Wiki tatu hatulali!

— Humo ndani nina kompyuta. Ina mtandao. Ina tundu la sidii. Mnapita mbele yake kila mnapoazima vitabu. Tuija aliwatazama mmoja mmoja. Hii ni Jumatano ya tatu nimeegesha hapa tangu tangazo litoke. Mbona hakuna aliyebisha hodi?

Waziri alitazama viatu vyake. Profesa alifungua kifuniko cha chupa ya kahawa, akachungulia, akakifunga. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, na saa tisa kamili basi huondoka.

Tuija akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

Helvi akasimama, akajipangusa makombo ya andazi. Akazitembea zile hatua ishirini, na alipofika akabisha hodi kwenye mlango ulio wazi.