Mtandikaji wa Chumba Namba Saba

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe thelathini Juni, kitanda cha chumba namba saba hakina mtandikaji. Siku hiyo Mama Mashuka anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kutandika.

Alianza kazi jumba hili lilipokuwa bado hoteli ya wakubwa. Hoteli ilipofungwa na kugeuzwa makumbusho, vitanda viliuzwa kikabaki kimoja cha maonyesho. Wahudumu wa vyumba nao wakaondoka, akabaki yeye. Aliendelea kubadilisha mashuka kila asubuhi, ingawa hakuna aliyelala. Tukimuuliza kulikoni, hujibu kwamba vumbi halijui kusoma kibao cha “Usiguse”.

Kisha mtalii mmoja mzee, aliyechoshwa na ngazi zetu, akavua viatu akajilaza. Mama Mashuka alifunga mapazia, akasimama mlangoni, akawarudisha watazamaji wengine kwa sauti ya chini: chumba kina mtu. Mkurugenzi alipomwita ajieleze, alisema, “Bosi, mtu kalala kitandani. Angelala kabatini ningekuita.” Ile kamba nyekundu inayokizunguka kitanda ilifungwa wiki hiyohiyo.

Mama Mashuka mwenyewe hajawahi kukikalia kitanda hicho. Enzi za hoteli, mhudumu akikutwa ameketi kwenye kitanda cha mgeni, kazi imekwisha. Shoga yake, aliyekuwa akishika ncha ya pili ya shuka, aliketi ukingoni siku moja akiwa mjamzito, miguu imevimba. Msimamizi akaingia. Jioni hiyo shoga aliondoka kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo hakulikanyaga tena jumba hili.

Ndiyo maana tulipopendekeza kumpa saa ya ukutani, Mama Mashuka aliikataa. Alitaka zawadi moja tu: shoga yake aingie kwa mlango wa mbele, akae juu ya kitanda kile, asiinuliwe na mtu. Kamati ilikaa vikao vitatu kujadili makalio ya bibi mmoja, hatimaye ikaridhia.

Mama Mashuka, ahsante sana kwa yote uliyoyanyoosha. Tunakuombea asubuhi ndefu, na kitanda kitakachotandikwa na mtu mwingine.

Jana wawili hao waliingia wameshikana mikono. Kamba ikafunguliwa. Shoga aliketi kitandani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwinua. Kisha akasema godoro ni gumu.