Simu ya Oduor Ni Mteja

Benchi letu liko kona ya Muthangari, chini ya ukuta wenye nyaya za umeme, na Mabruki ndiye hutumiminia kahawa, wanaume hawa na mimi, bibi kizee wanayemwita Shosho. Oduor, mkata nyasi wa Spring Valley, alikuwa mwenzetu hapo hadi alipotiwa kwenye gari lisilo na nambari baada ya maandamano. Tangu hapo simu yake ni mteja, hapatikani. Sasa karani mmoja aliyetoroka serikalini amejitokeza kwenye video mtandaoni, uso wazi, koti mwilini, akasema ofisi yao huona kila simu ilipo, hata iliyozimwa. Akiwa mkweli, kuna mtu anajua Oduor yuko wapi. Basi wanaume wakaanza kumhukumu karani.

— Muongo! akasema Kivuva, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kulinda mlango wa wakili. Mtu anakimbia kifo na koti imepigwa pasi?

— Wacha ujinga, akasema Zedekiah Betri, fundi wa simu. Simu ikizimwa imelala tu, haijakufa.

— Kwa hivyo inaota?

— Inasikiza, buda. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje?

— Wanakuchota neno moja moja mpaka uishe.

— Kibaba kinajaa ama kinaisha?

Mabruki akainama, akanong'ona:

— Ametumwa na serikali yenyewe. Hakuna anayesikiza. Wanataka tuogope tu.

— Na mbona unanong'ona? nikamuuliza.

— Tahadhari, Shosho.

— Mimi nasema hata hayuko, akasema Wakili. Ni kompyuta imevalishwa koti.

— Na wale ndege korongo wa juu ya miti ya barabarani? akadakia Betri. Ushawahi kuona mmoja amekufa? Hizo ni kamera!

— Shosho, wewe unamuamini huyo karani? akaniuliza Wakili.

— Nyinyi mnaogopa kumuamini, nikasema, kwa sababu mkimuamini itabidi muende mkamuulizie Oduor.

Hapo akafika Peres, mama yake Oduor, kutoka kwao Ugunja, mfuko mkononi. Tukasogea, akaketi. Betri akamweleza habari ya karani, polepole, kwa adabu.

— Mimi nikipiga, akasema Peres, kuna mwanamke hunijibu mteja hapatikani. Nimemsihi kwa Kiswahili, nimemsihi kwa Kijaluo. Kumbe kuna ofisi inampata?

— Ndivyo anavyosema, Mama.

— Mlango wa hiyo ofisi uko barabara gani? Nimemletea mwanangu sweta.

Mabruki akampa mama kikombe, naye akakishika bila kunywa, akitutazama mmoja mmoja, mpaka kahawa ikapoa.