Velika Uzunova, Aliyewarudisha Wazee Waliokatiwa Tamaa

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu wa kwetu. Dakta Velika Uzunova, mtafiti wa magonjwa ya ubongo ya uzeeni, amefariki dunia hapa mjini Plovdiv akiwa na miaka themanini na minne.

Alizaliwa juu milimani, Rodopi, kwa wafuga kondoo. Bibi yake ndiye aliyemlea. Kisha bibi huyo akaanza kusahau, hadi siku moja akamuuliza Velika, "Wewe binti wa nani?" Velika alitoka nje akalia. Majirani wakasema ni uzee tu. Yeye akaenda kusomea udaktari.

Aligundua nini? Sikilizeni vizuri. Baadhi ya wazee wanaosahau hawana ugonjwa usiotibika. Wana maji yanayokandamiza ubongo. Maji yakipunguzwa, mtu anaweza kurudi. Velika alianza kuwatambua kwa mwendo wao, wakiburuta miguu kama iliyogandia sakafuni.

Mkuu wake alimcheka mbele ya wenzake. "Velika, unapima ubongo kwa miguu? Kesho utapima moyo kwa kofia!"

"Kofia yako ikianza kuburuta miguu, Profesa, nitaipima."

Ndipo akaletwa Mzee Milyo, mpiga zumari la mfuko wa ngozi. Alikuwa hasemi, hamjui mtu, na miguu aliiburuta. Wanawe walishamtafutia makao ya wazee. Moyo wake ulikuwa dhaifu. Angeweza kufia kwenye meza ya upasuaji, na utafiti wa Velika ungezikwa naye. Mkewe, Bi Rusa, alimkazia macho daktari.

"Angekuwa mumeo, ungekubali?"

"Ningetetemeka, mama. Lakini ningekubali."

Mzee akapasuliwa. Siku chache baadaye Bi Rusa alimlisha supu ya maharage. Mzee akameza, akakunja uso.

"Rusa, chumvi yote umewapa kondoo?"

Kijiko kikamponyoka. "Mzee mjinga wewe! Kimya chote kile, halafu unaanza na chumvi!" Alicheka, alilia, akambusu kipara.

Kiangazi hicho Milyo alipiga zumari uwanjani kijijini, na Velika, ambaye hakuwahi kucheza ngoma maishani, alivutwa mkono akaingia kwenye duara. Yule profesa naye alikuja mwenyewe mlangoni kwake: "Haya, nifundishe hiyo miguu yako."

Si wote waliopona. Wengi walikuwa na maradhi mengine, na hao Velika aliwatafutia dawa mpaka mwaka jana. Binti yake, Nevyana, anatuambia: "Mama aliogopa kabla ya kila upasuaji. Akishaogopa vya kutosha, anavaa koti, anaenda."

Kwako Nevyana na ukoo wote, poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyeanza kupotea, msimkatie tamaa kabla hajapimwa.

Jana tulimzika. Njia ya makaburini ina mlima mkali, mnaujua. Watu waliotibiwa na Velika walikataa magari. Waliupanda kwa miguu yao, nyuma ya jeneza, mpaka juu.