Nilipomshukuru Mjomba Badala ya Mungu

Bwana asifiwe, kanisa! Na nyinyi wa benchi la nyuma mliojibana karibu na mlango, asifiwe tena!

Mimi naitwa Chebet. Wengi mnanijua kama msichana wa Mzee Kiprono wa hapa Silibwet, lakini Mzee ni mjomba wangu. Yeye na mke wake, Anti Zipora, walinichukua mama yangu alipofariki, na sijawahi kuhisi mimi ni mgeni kwao.

Ndugu zangu, nimeokolewa kutoka kwa aibu ya ulimi! Kihispania nilikipenda tangu kidato cha kwanza. Kuandika niliandika vizuri, hata vile vitenzi vya kutamani na kutilia shaka vinavyotoa watu jasho. Lakini mnatujua sisi Wakipsigis na D. Inatoka T! Kila nikitaka kusema “Gracias a Dios”, yaani Mungu ashukuriwe, mdomo ulisema “Gracias a tíos”. Na tíos ni mjomba na mke wake! Darasa lilicheka, nikabandikwa jina Tíos. Basi nikanyamaza. Kidato cha nne kikafika bado nimenyamaza, na mtihani wa mwisho ulikuwa wa kuongea. Nikianguka, ndoto ya kuwa mwalimu wa Kihispania imekwisha.

Anti akikama, mimi nilisimama kando nimeshika koo, nikitafuta ule mtetemo wa D: Dios, Dios, Dios. Ng'ombe alizoea. Anti akaniambia, “Sema tu, mtoto wangu. Mungu anajua unaita nani.”

Siku ikafika. Mtahini, mama mmoja mgeni, akaniuliza ni nani amenifikisha hapo. Nikaomba kimoyomoyo, nikafungua mdomo: “Gracias a tíos!” Woi! Nikajua nimekwisha.

Yule mama hakucheka. Hakujua hata kama nimekosea! Akaniuliza, “Mjomba na shangazi gani hao? Niambie.”

Ndugu zangu, ulimi ulifunguka! Nilimweleza jinsi Mjomba anavyorudi kutoka kuchuma majani chai amelowa chapachapa, na bado anauliza kwanza kama nimekula. Nikamweleza habari za Anti na ng'ombe wake, na vile natamani waishi waone wajukuu. Muda uliisha nikiwa bado naongea. Na nilipita!

Wewe unayeona aibu na ulimi wako, mwamini Mungu. Mpe huo huo unaokwama. Leo nataka kumshukuru sawasawa, mkono uko kooni: Gracias a Dios!

Mjomba, Anti, simameni watu wawaone. Hapa sasa sijakosea. Gracias a mis tíos.