Dakika Kumi na Mbili za Mama Nyungunyungu

Marehemu dada yetu, mliyemwita Mama Nyungunyungu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa mshona viatu na muuguzi. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu utotoni, na leo hatutaupaka sukari.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea biolojia, na mwaka 1985 akaajiriwa maabara ya udongo, chumba cha dirisha moja na sinki linalovuja. Huko alichukua tone la majimaji ya nyungunyungu, akalitia rangi nyekundu, akainamia hadubini huku akitazama saa. Nyungunyungu mzima, seli zake huishika rangi zaidi ya saa nzima. Sumu ikimgusa, huivujisha mapema, kabla mwili haujaonyesha lolote.

Tarehe 14 Mei 1988 aliolewa na fundi saa aliyekuja kutengeneza saa ya maabara. Shemeji hasahau alivyopokewa: "Ukinipunja dakika moja tu, nyungunyungu wangu atasingiziwa sumu!"

Mwaka 2004 alipima udongo wa nyuma ya kiwanda cha betri, jirani na kisima chetu. Nyungunyungu aliowaweka humo walivujisha rangi ndani ya dakika kumi na mbili tu. Mkurugenzi wake, aliyeketi leo safu ya mbele na miwani myeusi, alicheka.

"Mama, mbona hawajafa? Tazama wanavyocheza!"

"Kutokufa si uzima, bwana mkubwa. Ukingoja wafe, hutakuwa unapima, utakuwa unazika."

Ripoti ikafungiwa kabatini kwa mkurugenzi. Dada alituonya, nasi tukaona anatutisha bure, tukaendelea kuchota. Aibu hiyo ni yetu.

Naye alikuwa ameyanywa maji hayo miaka mingi kabla ya kupima; figo zilianza kumsumbua mwaka 2015. Alitembea, akapika, akagombana na kila mtu, na majirani wakasema huyo mzima. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2019, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumekasirika, na hatuoni haya kusema.

Ameacha mume, binti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Shada la kiwanda tumeliacha nje ya geti.

Nakala ya ripoti aliificha chini ya godoro. Wosia wake ulikuwa mmoja: ichapwe nyuma ya ratiba ya mazishi, na jedwali lake lote. Imechapwa, na kila aliyekuja anayo mkononi.

Dada, pumzika kwa amani. Mkurugenzi, geuza ukurasa.